Injini ya Baiskeli ya Maziwa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Baridi kali. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na wanafunzi wamekuja wamevaa makoti ya baba zao. Madam Wachuka, mwenye chuo chetu cha kompyuta, alituita ofisini mimi na Kyalo, akafunga mlango. Walimu ni sisi wawili tu, kwa hiyo huo ulikuwa mkutano mkuu.

Habari zenyewe ni mbili. Kwanza, Jumamosi ya wiki ijayo itakuwa siku ya wageni. Wazazi watapanda ngazi zetu juu ya duka la misumari na mabati, waje waone kompyuta hufanya nini. Kila mwalimu aonyeshe kitu chake, na kisiwe barua. Madam anasema watu wa Nyeri wamechoka kuonyeshwa barua. Pili, chuo kinafungua tawi Doldol. Kompyuta moja, jenereta moja, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo atajulikana baada ya siku ya wageni.

Hakusema atachaguliwa vipi. Hakuhitaji. Mimi na Kyalo tuliangaliana. Doldol ni mbali, kuna jua na vumbi na minada ya mbuzi, na Warigia, msichana ninayempenda, hayuko huko. Atakayeonyesha kitu duni ndiye atakayefunga sanduku.

Sina wasiwasi. Nimekuwa na mchezo wa kompyuta kichwani kwa muda mrefu. Unaitwa Baiskeli ya Maziwa. Mtu anateremka vilima vya Mukurweini na mikebe ya maziwa nyuma ya baiskeli. Breki hazishiki. Njiani kuna kuku, ng'ombe, matope mekundu, na chifu. Lazima afike kwenye kituo cha maziwa kabla hayajamwagika wala kuchacha. Ramani nimechora. Muziki nimetunga. Hata baiskeli nimeipa jina. Kilichobaki ni kuuandika tu.

Kyalo naye anasema ataandika mchezo. Kuku anadonoa mahindi. Basi. Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Maskini.

Jumanne, 6 Agosti

Kosa la watu wengi ni pupa. Wanaketi, wanaandika. Mimi nilianza na swali la msingi: niandike kwa lugha gani ya kompyuta?

Tuna BASIC. Ni rahisi, na imo tayari ndani ya kila mashine ya chuo. Ubaya wake ni kwamba Kyalo anaitumia. Halafu kuna Pascal, niliyofundishwa nikiwa mwanafunzi. Pascal ina adabu. Kila kitu lazima kitajwe jina kabla hakijaingia, kama wageni wa harusi. Halafu kuna C, wanayotumia wakubwa wa ng'ambo. C yenyewe sina, lakini kitabu chake ninacho.

Nikachora jedwali. Faida upande huu, hasara upande ule. Kufikia saa sita Pascal ilikuwa mbele. Baada ya chakula C ikaipita. Jioni BASIC ikaanza kupanda bila mimi kutaka, nikaifuta kwenye jedwali.

Kyalo alipita, akachungulia, akauliza kama jedwali hilo ndilo mchezo. Kwenye kompyuta yake tayari kulikuwa na herufi K inayotembea. Aliniambia hiyo K ni kuku. Nilimwambia simwoni kuku. Akasema nikiizoea nitamwona.

Nikitoka kazini nilimpitia Warigia. Anafundisha watoto wa nasari hapa mtaani Skuta, na akicheka unamsikia kabla hujafika kwenye lango. Nilimweleza habari za lugha zangu tatu huku akiwafunga watoto kamba za viatu. Alisikiliza vizuri sana. Mwishowe aliuliza ni ipi kati yao inajua kuendesha baiskeli. Nilimwambia hilo si swali la kitaalamu. Akakubali, akamfuta mtoto mmoja kamasi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeokolewa, na aliyeniokoa ni kioo changu cha kunyolea.

Si kioo, kwa kweli. Ni CD. Niliikuta imebandikwa kwenye gazeti la kompyuta la Uingereza nililonunua kwa wale wauza magazeti ya mtumba karibu na posta. Kwa kuwa chuo hakina mashine ya kusoma CD, na kwa kuwa CD inang'aa, niliitundika ukutani. Asubuhi ya leo imeanguka, ikalala kifudifudi, nikasoma mgongo wake kwa mara ya kwanza. Imeandikwa: Maximus, injini ya michezo.

Nililitafuta gazeti lenyewe chini ya godoro nikiwa nimenyoa shavu moja. Linasema waziwazi. Siku hizi hakuna mtu mwenye akili anayeanza mchezo kutoka mwanzo. Unachukua injini iliyokwisha kutengenezwa. Injini tayari inajua kuchora, kusogeza na kutoa sauti. Wewe unaweka tu baiskeli yako ndani yake. Kumbe jedwali langu lote lilikuwa swali la kitoto. BASIC, Pascal na C ni mambo ya watu wasio na injini.

Furaha ilinizidi nikamwambia Mama Kajuju, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mtu wa kwetu Meru, anauza ndizi sokoni. Nilimwambia naleta injini. Akauliza injini ya nini. Nikasema ya baiskeli ya maziwa. Alifikiri kidogo, akasema hilo ni jambo la maana sana, kwa sababu wale watu wa Mukurweini wanaomletea ndizi wanateswa na vile vilima. Ila petroli isiingie nyumbani kwake. Nikamwambia haitumii petroli.

Aliniangalia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nihamie kwake. Sikuona haja ya kuongeza maneno.

Ijumaa, 9 Agosti

Mjini hapa najua mashine moja tu inayosoma CD. Iko katika ofisi ya serikali inayochora ramani, na anayeitumia ni Dishon, mtu wa Vihiga, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilimkuta akinywa chai. Nilimwonyesha CD. Akajitazama ndani yake, akarekebisha tai, akasema hakuna shida, atanitolea kila kitu kilichomo, anifungie vipande vipande kwenye disketi.

Kisha akasimama na kunizunguka, kama mtu anayenunua kabati.

Dishon ndiye kocha wa timu ya mpira ya wafanyakazi wa serikali. Kipa wao amehamishwa kikazi. Jumapili wanacheza na askari jela. Alisema mtu mwenye urefu kama wangu ni mali ya umma, na ni aibu mali hiyo kukaa bure. Nilimkumbusha kwamba mimi si mfanyakazi wa serikali. Alisema goli halina ubaguzi. Aliuliza kama nimewahi kudaka.

Nikasema ndiyo. Sikudanganya sana. Nikiwa shule ya msingi niliwahi kusimama golini kwa sababu kipa alikuwa ameenda kula.

Jumapili, 11 Agosti

Mwili mzima unauma, lakini nitaandika.

Mchezo huo niliukabili kisayansi. Niliwatazama askari jela wakipasha misuli moto nikaona wengi wanapenda kupiga upande wangu wa kushoto. Nikaamua: kila mpira ukija, nitaruka kushoto, bila kufikiri. Kufikiri ndiko kunakochelewesha makipa.

Mpira wa kwanza ulienda kulia. Wa pili, kulia. Dishon alipiga kelele kutoka pembeni akitaka kujua kama upande wa kulia nimeukodisha. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba atulie. Mpango mzuri unahitaji muda. Baadaye askari jela waligundua mpango wangu, wakaacha hata kulenga, wakawa wanapiga kulia huku wakizungumza mambo mengine. Ni magoli mangapi sijui. Kuhesabu ni kazi ya refa.

Lakini dakika za mwisho walipata penalti. Mpigaji, sijui kwa kunihurumia au kwa kuchoka, alipiga katikati. Mimi nilikuwa nimeteleza kwenye matope hata kabla ya kuruka, na mpira ukanipata usoni, ukarudi mpaka katikati ya uwanja. Watu walishangilia kama tumeshinda kombe. Dishon aliingia na kunibeba. Askari jela wenyewe walinipa mkono.

Warigia alikuwa amekuja na chupa ya chai. Alikuwa amecheka mpaka sauti imemkauka. Tulirudi Skuta polepole kwa sababu ya goti langu, nami nikamweleza habari za Maximus njia nzima. Alinywa chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi kilichobaki.

"Na huyo mtu wa baiskeli," akasema, "akianguka, nini hufanyika?"

Nilimwambia hilo litategemea injini.

"Mimi nimeuliza juu ya mtu. Sijauliza injini."

Nikasingizia pua yangu iliyovimba, nikanywa chai.

Jumatatu, 12 Agosti

Dishon ametimiza ahadi. Amenipa disketi mfuko mzima, zimefungwa na raba. Kila mtu aliyekutana nami barabarani alinipigia makofi kwa ile penalti. Maximus imo mikononi mwangu.

Tatizo dogo. Maximus inataka memori mara mbili ya ile iliyomo kwenye kompyuta zetu. Niliijaribu kwenye kila mashine ya darasa, na kila mashine ikanikataa kwa maneno yale yale.

Wakati huo kuku wa Kyalo anazidi kukua. Sasa kuna mahindi, kuna mwewe, kuna alama. Wanafunzi wanaenda kumwangalia wakati wa mapumziko. Niliona si vibaya kumpunguzia kasi kidogo ili tuende sambamba. Kompyuta zetu zina kitufe mbele kinachoitwa Turbo. Kikiwa ndani, mashine inakimbia. Kikitoka nje, inajikokota kama mtu anayetoka kulala. Kyalo alipoenda kula githeri, nilipita karibu na mashine yake, nikajikuna, nikakibonyeza kikatoka.

Si hujuma. Kitufe kimewekwa hapo kibonyezwe.

Jumatano, 14 Agosti

Kyalo amecheza ngoma ya kwao katikati ya darasa.

Kumbe kuku wake alikuwa akikimbia kupita kiasi. Mahindi yalikuwa yanaanguka kabla mtu hajagusa kibodi, na Kyalo alikuwa amehangaika siku nzima kutafuta namna ya kumtuliza. Jana alipoketi, kuku akawa anatembea sawasawa, kwa mwendo wa kuku. Anasema hajui alichofanya. Anasema ni mkono wa Mungu. Sasa wanafunzi wanapanga foleni. Aliniita nijaribu, nikajaribu. Nikadonoa mahindi mengi sana kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mpinzani wake. Kibaya zaidi, nimeanza kumwona kuku kwenye ile K.

Basi nikachukua hatua ya kiume. Madam Wachuka ameenda Nanyuki kuangalia jenereta. Kompyuta ya ofisini kwake haina kazi asipokuwepo. Niliifungua, nikaazima vipande vyake vya memori, nikavitia kwenye mashine yangu.

Maximus ikaamka.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Unajikuta ndani ya jumba la mawe. Unabonyeza mshale, ukuta unakujia. Unageuka, jumba linageuka nawe. Nilishika meza nisianguke. Nilikwenda kulia, nikaenda kushoto, nikarudi, nikacheka peke yangu.

Kisha nikaanza kutafuta njia ya kutoka nje, niteremshe baiskeli kwenye kilima. Hakuna. Nilisoma maelezo yote. Maximus haina nje. Ina ndani tu. Vilima havimo, matope hayamo, mbingu haimo. Na kwa kuwa hii ni ya majaribio tu, kitu pekee ninachoruhusiwa kubadilisha ni picha za ukutani.

Nikachora baiskeli ukutani. Inapendeza. Unaikaribia, inakuwa kubwa. Unaipita, inabaki nyuma. Niliipita mara nyingi.

Alhamisi, 15 Agosti

Madam Wachuka amerudi mapema. Aliwasha kompyuta yake, ikalia pii, pii, pii, na kioo kikabaki cheusi. Alituita sote. Kyalo alisema labda ni panya. Wanafunzi walisema labda ni baridi. Madam akaninyooshea kidole, akasema Miriti ndiye mwenye ujuzi wa ndani ya mashine.

Niliomba niachwe peke yangu na mgonjwa. Nilifunga mlango. Nilikuwa na vipande vya memori mfukoni, kwa sababu niliposikia ile pii ya kwanza nilivichomoa kwenye mashine yangu upesi kuliko nilivyowahi kufanya lolote golini. Nikavirudisha. Nikapigapiga kifuniko ili huko nje wasikie kazi inaendelea. Nilipofungua mlango, kompyuta ilikuwa inang'aa.

Madam alinisifu mbele ya chuo kizima. Alisema huwezi kumpima mwalimu kwa kelele zake. Watu walipiga makofi, Kyalo kuliko wote. Niliinama kidogo kama inavyotakiwa.

Maximus imelala tena, na simjui mtu mwingine ambaye amepoteza injini huku anashangiliwa.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemeza kiburi. Asubuhi nilifungua BASIC.

Na jamani, kabla ya chai ya saa nne nilikuwa na baiskeli. O mbili na kistari katikati. Ikateremka. Nikaweka kuku, ambaye ni k ndogo ili asimkosee heshima kuku wa Kyalo. Nikaweka matope. Ukiyagusa, maneno yanatokea: maziwa yamemwagika, rudi nyumbani. Wacera, mwanafunzi wangu anayetoka Mukurweini, alisimama nyuma yangu akaomba kujaribu. Alimwaga maziwa kila mara, na kila mara aliomba tena. Alisema kilima kimezidi kuwa tambarare lakini matope ni yenyewe kabisa. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

Kisha nikaona kwamba magurudumu hayazunguki.

Wacera alisema hajali. Lakini mimi najua baiskeli ni nini. Pascal ingeweza kuyazungusha. Zilikuwa zimebaki saa nyingi kabla ya kufunga chuo, na kuhamisha mchezo mdogo hivyo kutoka lugha moja hadi nyingine ni kazi ya kunakili tu. Nikaanza. Nikahifadhi ya Pascal. Nikaihifadhi kwa jina lile lile la ya BASIC.

Kufikia jioni ile ya BASIC haipo tena, imefutwa na hiyo ya Pascal. Pascal ipo, nayo inasema kuna kosa kwenye mstari wa kwanza.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku yenyewe. Mvua nyembamba, ile isiyonyesha wala kuacha.

Upande wa Kyalo watoto walikuwa wamejaa. Upande wangu kulikuwa na kiti, kompyuta inayolalamikia mstari wa kwanza, na mimi. Wazazi walinipita wakinisalimia kwa upole kama mtu aliyefiwa. Warigia alikuja na watoto wake wa nasari, akanipungia mkono, watoto wakakimbilia kuku. Dishon naye alipita kumsalimia kipa wake.

Kwenye saa tano nikasikia kishindo kwenye ngazi. Viatu vya mpira, vingi. Mama Kajuju akaingia kwanza amevaa kilemba cha kanisani. Nyuma yake wakulima wa Mukurweini, wanaume kwa wanawake, makoti yanachuruzika maji. Wa mwisho alikuwa Mzee Ndungu, baba yake Wacera, amebeba baiskeli nzima begani. Mikebe ya maziwa ilikuwa bado imefungwa nyuma.

Aliishusha mbele ya meza yangu, akavuta pumzi.

"Mwalimu, hii ndio baiskeli yangu. Hiyo injini iko wapi?"

Mama Kajuju alikuwa amewaambia sokoni. Sokoni wakaambiana. Madam Wachuka alikuwa amesimama nyuma yao akinitazama. Hata foleni ya kuku wa Kyalo iligeuka kutazama.

Sijui chaki ilifikaje mkononi mwangu. Nilimwambia Mzee Ndungu kwamba kabla ya injini lazima tuijue njia. Nikapiga magoti, nikaanza kuchora sakafuni barabara ya kuteremka kwenye kituo cha maziwa, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nilitaka kupata muda tu.

Mama mmoja akasema kona ile sivyo. Akaninyang'anya chaki, akaichora upya. Mwingine akasema mwenzake amesahau daraja. Daraja likawa kiti cha Madam. Wakabishana wapi panateleza zaidi, na kila mmoja alikuwa na mahali pake alipowahi kuangukia na ushuhuda wake. Warigia akawaleta watoto, akawaambia nyinyi ni kuku, vukeni barabara mnavyotaka. Hawakuhitaji kufundishwa. Dishon akasimama kwenye kona kama chifu, mikono kiunoni, akiuliza kila mtu kitambulisho. Mzee Ndungu akapanda baiskeli yake, mikebe ikiwa imejazwa maji, vijana wawili wakamsukuma.

Alifika darajani. Akamkwepa kuku, akamkwepa mwingine, akamkosa chifu kwa unywele, akaingia kwenye meza yangu. Maji yakamwagika yote. Chumba kizima kikapiga yowe la furaha, na mwenye duka la mabati akapanda juu kuuliza kwa nini dari yake inanyesha, akaambiwa apange foleni.

Wote walitaka zamu. Wazee walishuka kile kilima, akina mama walishuka, wazazi wa mjini waliovaa suti walishuka. Madam Wachuka, kwa hiari yake mwenyewe, akawa ng'ombe. Alilala barabarani akakataa kuondoka, sawasawa na ng'ombe wa kule. Kyalo aliacha mchezo wake ukijicheza akaja kusukuma. Mimi nilishuka mara ya mwisho na Warigia nyuma yangu kwenye mikebe, akinielekeza sikioni, na sisi peke yetu ndio tuliofika dirishani na maji kidogo.

Mzee Ndungu aliniaga kwa mikono miwili. Alisema injini hajaiona, lakini ni mara yake ya kwanza kufika kwenye kituo cha maziwa bila kulazimika kupanda kile kilima tena kurudi.

Watu walipoisha, Madam alituita ofisini, vumbi la chaki likiwa bado mgongoni mwake. Wazazi wengi wameandikisha watoto wao, alisema, na wote wanataka darasa la kuku. Kyalo atabaki Nyeri. Kisha akanigeukia.

"Kyalo anahitaji kompyuta ndio afundishe. Wewe umejaza hii nyumba na chaki. Doldol niko na kompyuta moja, na hiyo jenereta, kusema ukweli, mimi siiamini. Ni wewe utaenda."

Nilijaribu kuhuzunika. Sikuweza. Nilikuwa bado nacheka. Warigia alikuwa akinisubiri kwenye ngazi, nikamwambia. Akasema likizo za walimu ni ndefu, na kwamba yeye hajawahi kumwona ngamia kwa karibu. Akasema pia mtu anayekwenda mbali hivyo anapaswa kuaga vizuri kwa wazazi wa mtu, kesho, baada ya kanisa, na avae tai.

Jumatatu, 19 Agosti

Nilivaa tai. Wazazi wake walinipokea vizuri. Mama yake alinipa nyama mara tatu. Baba yake aliniuliza ninafanya kazi gani hasa, na Warigia akajibu kwa niaba yangu kabla sijaharibu.

Safari ni mwisho wa mwezi. Warigia ameniomba kitu kidogo kabla sijaondoka. Watoto wake wa nasari wamepewa kompyuta kuukuu na kanisa, na anataka mchezo mmoja wa kuwafundisha herufi. Mbuzi anasimama. Herufi inatokea. Mtoto akibonyeza herufi hiyo hiyo, mbuzi anaila. Basi. Alisema mbuzi mwenyewe anaweza kuwa M tu, watoto hawatajali. Nilikubali palepale. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Kyalo, ambaye sasa tumekuwa marafiki sana, aliniwekea mkono begani akaniambia kwa upole kwamba nifungue tu BASIC, niandike, nimalize, nimpelekee. Namshukuru kwa nia yake njema. Lakini nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilipokuwa. Nilitegemea injini iliyotengenezwa na watu wengine, watu ambao hawajawahi kuona kilima wala mbuzi.

Leo asubuhi nimeanza kutengeneza injini yangu mwenyewe. Itakuwa na nje. Itakuwa na jua linalochomoza na kutua, mvua ya aina zote, na upepo unaosogeza kila unywele wa mbuzi peke yake. Itajua mbuzi wa kila umri. Herufi nitaziweka mwishoni, hizo si kazi.

Nimemwambia Warigia wiki moja. Na hapo nimejipa nafasi ya kutosha.